Timu ya Mwanne Iliyokuwa Mkiani

Mwanne aliponiambia amepewa timu, nilidhani ni kwaya ya watoto wa madrasa au kitu cha namna hiyo. Nilikuwa nimetoka kwangu Tumbi asubuhi ya Jumamosi, nikapita njia ya Kiluvya hadi kwake Masaki. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, si ile ya mjini ya wenye mageti. Nilimkuta barazani, simu ameibana sikioni, anatabasamu peke yake.

"Timu ya nini, shoga?"

"Besiboli."

Mwanne haoni. Presha ya macho ilimpofusha jicho moja, kisha la pili, akiwa bado mwalimu wa darasa la tatu anayependwa na wazazi hadi wa vijiji vya mbali. Akaacha kazi. Baada ya hapo alikuwa hataki wageni. Nilikuwa nakwenda hivyo hivyo, tunakunywa chai, hasemi, sisemi, naaga naondoka. Mumewe, shemeji yangu Hashiru, fundi seremala, alikuwa ananisindikiza mpaka barabarani na kuniambia, "Laurensia, usiache kuja," basi.

Besiboli ilikuwa yetu tangu usichana. Tulisoma pamoja shule ya bweni upande wa Kibaha, na mwaka mmoja akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani na mifuko ya glavu na virungu. Akatufundisha mchezo ambao hakuna aliyewahi kuusikia pale. Mwanne akawa mrushaji, mimi mdakaji. Yeye alisimama katikati ya uwanja akarusha mpira, mimi nikachuchumaa nyuma ya mpigaji mwenye kirungu, nikaudaka. Akipitisha mpira mara tatu mpigaji asiuguse, mpigaji anatoka. Mpira wa Mwanne haukuwa na kasi ya kutisha. Ila aliuweka alipotaka, kwa mkono wake wa kushoto, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

"Timu ya wapi?" niliuliza.

"Haipo mahali. Ipo kwenye kompyuta."

Akanieleza. Kijana wa chama cha wasioona alikuwa amemfundisha kutumia simu inayosoma maandishi kwa sauti. Siku moja akaiambia imtafutie besiboli. Ikampeleka kwenye ligi ya kuigiza, yenye mameneja wa nchi mbalimbali wasiowahi kuonana. Wachezaji wote wametungwa na kompyuta: wana majina, umri, maumivu ya bega, wengine wavivu, wengine wana moyo. Meneja anapanga nani acheze, nani afundishwe nini, nani abadilishwe na timu nyingine. Mechi kompyuta inaicheza yenyewe, na hakuna picha. Yote huja kwa maneno, mrusho mmoja baada ya mwingine.

"Sasa umeelewa?" akasema. "Huko wote hatuoni. Wote tunasoma."

Timu aliyopewa ilikuwa ya mwisho kwenye ligi, na meneja wake alikuwa ameikimbia. Ilijaa wachezaji wazee waliokuwa nyota zamani. Mwanne aliibadilisha jina, akaiita Mikorosho. Halafu akafanya jambo lililowashangaza wote. Alimtoa mpigaji mkongwe aliyependwa kuliko wote, akachukua badala yake vijana watatu wasiojulikana. Mameneja wenzake walimwandikia kumcheka. Mmoja alimwuliza kama amebonyeza kwa bahati mbaya.

Ligi hiyo ina desturi kwamba kabla ya msimu kuanza kila meneja anatoa matarajio yake. Wengi huandika vitisho na majigambo. Mwanne alinitaka nimsikilize akiyasema ya kwake kwa Kiswahili kwanza, ndipo ayapeleke kwa Kiingereza. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akakohoa kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani. Nilikuwa sijaisikia kwa miaka.

"Mikorosho itafungwa sana mwaka huu. Wapigaji wetu wapya ni wachanga, watapunga hewa. Mdakaji wetu ana magoti mabovu na sina mwingine. Msitutafute juu. Lakini tuna mrushaji wa mkono wa kushoto anaitwa Salcedo, mmoja wa wale vijana watatu. Kompyuta inasema mkono wake ni dhaifu. Pia inasema ana utulivu. Mimi nitamwachia mpira, apigwe, ajifunze. Mwangalieni huyo."

"Ndiyo hayo tu?" nilimwuliza.

"Wewe ulitaka niwadanganye?"

Msimu ukaanza, na walifungwa kweli. Nilikuwa nampigia simu nikiwa mapumziko ofisini, naye ananisimulia kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. Salcedo alipigwa mipira hadi nikamhurumia mtu asiyekuwepo. Mwanne hakumtoa. Alimwongezea mazoezi ya mpira wa polepole, ule unaomfanya mpigaji apunge kirungu mapema. Hashiru, ambaye maishani hakuwahi kushika glavu, alianza kuacha randa kila asubuhi matokeo yalipoingia. Wenzake msikitini wakawa wanamwuliza, "Mikorosho vipi?" na yeye anatikisa kichwa.

Kuna Jumamosi moja nilifika mapema. Mechi ilikuwa ndiyo imeingia na Mwanne alikuwa bado hajaifungua.

"Kaa hapa mbele yangu," aliniambia. "Leo anarusha Salcedo."

Simu ikaanza kusoma kwa ile sauti yake isiyo na furaha wala huzuni. Mpigaji wa kwanza ametoka. Wa pili ametoka. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaja, na wapinzani, waliokuwa vinara wa ligi, hawakugusa hata kimoja cha vituo ambavyo mpigaji hukimbilia akiupiga mpira. Hashiru alikuja akasimama mlangoni na vumbi la mbao kichwani. Kuna miiko kwenye mchezo ule: mrushaji akiwa hajaguswa, hulitaji jambo hilo.

Ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo bado nakisimulia. Simu ilisema tu, "Mpira wa polepole, chini, nje." Lakini mkono wa kushoto wa Mwanne ulikuwa umeshajikunja kabla ya maneno kuisha, vidole vimepanuka kuushika mpira usiokuwepo, kiwiko kimeinuka. Macho yake, yale yasiyoona, yalikuwa yamenitazama kifuani, pale ambapo glavu huwa. Mrusho uliofuata alinong'ona, "Ndani, juu." Simu ikasema: ndani, juu. Uliofuata akanong'ona tena, na ikawa hivyo hivyo. Hakuwa anabahatisha. Alikuwa pale uwanjani. Yeye ndiye angerusha hivyo, na Salcedo aliyemlea akarusha hivyo.

Nilipojitazama nilikuta nami nimechuchumaa, viganja viko wazi mbele.

Wapinzani wakafika kwenye mpigaji wao wa mwisho kabisa. Akitoka huyo, Salcedo anakuwa amemaliza mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika kituo, jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulifanya. Simu ikasoma: "Mpira wa polepole, katikati. Amepiga. Mpira umepita. Mpigaji yuko kituo cha kwanza."

Hashiru akapiga kofi mlango. Mimi machozi yalinitoka, nilijisikia mjinga na sikuyafuta. Mwanne aliinua kidole.

"Nyamazeni. Sasa ndiyo tutamjua."

Kwa kuwa huyo hakutoka, mpigaji mwingine akaja. Mtu mzima, tena wa damu na nyama, baada ya kupokonywa kitu kikubwa vile, angetetemeka. Simu ikasoma mrusho wa kwanza: polepole, chini, nje, amekosa. Wa pili: ndani, juu, amekosa. Wa tatu ulikuwa ule ule uliopigwa muda mfupi uliopita, polepole, katikati. Amekosa. Mechi imekwisha, Mikorosho wameshinda.

Mwanne aliweka simu mkekani taratibu.

"Umesikia alichofanya?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Karudia ule ule. Mimi sikumwagiza, hapo katikati ya mechi siwezi kumwagiza kitu. Hakuna mtu aliyemwagiza, Laurensia. Subhanallah."

Tulikaa hivyo watatu. Nje kuku wanaparura, jirani anatwanga kisamvu, na sisi tumeduwaa kama watu waliopitiwa na kitu kikubwa mlangoni. Siku ile meneja wa vinara alimwandikia maneno machache tu: alisema ameisoma mechi mara mbili na amevua kofia chumbani kwake peke yake. Mwanne alinitafsiria, akacheka, kisha akaomba tuletewe chai.

Msimu ulipoisha, Mikorosho walikuwa bado karibu na mkia. Watatu kutoka chini. Wale vijana wawili wengine aliowachukua hawajawa kitu hadi sasa, na mdakaji mwenye magoti amestaafu. Katikati ya mapumziko ya ligi timu moja kubwa ilibaki bila meneja, na msimamizi wa ligi akampa Mwanne nafasi ahamie. Nilimshauri akubali. Alinijibu kwa ukali kidogo kwamba hajamaliza alichokianza, na nikaona nisirudie.

Nilikwenda kumwona Jumapili baada ya misa ya kwanza. Alinisubiri uani, amesimama, mtandio wake ameufunga kiunoni. Mkononi alikuwa na mpira wa tenisi aliomwagiza Hashiru Kariakoo.

"Nenda mpaka ulipo mti wa ndimu," akasema. "Uchuchumae."

"Mwanne, tumeshazeeka. Magoti yangu—"

"Uchuchumae. Halafu uzungumze, nisikie uko wapi."

Nikachuchumaa. Nikaanza kumsimulia mahubiri ya padri. Mpira wa kwanza ulikwenda jikoni ukaangusha sufuria. Wa pili ulipita juu ya kichwa changu, nikaufuata kwenye mihogo, nikarudi nahema, nikaendelea na mahubiri. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Akainua mguu wa kulia kama zamani, mkono ukazunguka, na sikuwa hata nimemaliza sentensi nilipousikia mpira ukilia kwenye kiganja changu cha kushoto. Sikuwa nimekisogeza hata kidogo.

"Mpira umeingia wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nautazama mpira kiganjani. Hashiru alikuwa ametokeza karakanani, msumeno mkononi, amesimama tu.

"Laurensia! Umeingia wapi?"

"Kwenye glavu," nikasema. Glavu sikuwa nayo, wala hakuna aliyenisahihisha. Nikamrudishia mpira mkononi, nikarudi chini ya ndimu, nikachuchumaa tena, nikaanza kuzungumza.