Boti ya Kubebea Mayai

Shangazi yangu anauza mayai, na kazi hiyo imemharibu. Mtu anayemaliza asubuhi nzima akimulika yai moja moja kwa tochi, akitafuta lililooza ndani ya ganda safi, hawezi tena kumwamini binadamu. Ukimrudishia chenji ataigeuza pande zote mbili. Ukimwambia amependeza atakuuliza unataka nini. Marehemu mume wake alizoea kusema kwamba alidhani ameoa mke, kumbe ameoa polisi.

Mteja wake mkubwa ni mwenye kiwanda cha mikate ng'ambo ya ziwa. Barabara ya kuzunguka kwenda huko ni mashimo matupu, na kila safari kulikuwa na trei zilizofika zimekuwa uji. Mwenye mikate akachoka. Akamwambia wazi kwamba mzigo mwingine ukifika vile, atatafuta mtu mwingine wa kumletea. Shangazi hakulala vizuri wiki ile, maana mikate hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake. Ndipo akaanza kuwaza boti, kwa sababu maji hayana mashimo.

Na boti ilikuwepo. Kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, alivusha mifuko ya saruji kwa miaka mingi kwa boti ya mbao, halafu akaacha ghafla akisema mgongo unamsumbua. Aliposikia Shangazi anatafuta boti, akampigia simu mwenyewe.

"Dada yangu, ichukue wewe. Ina marekebisho kidogo, lakini sitaki iende kwa mtu baki."

Mwingine angeshukuru. Shangazi alikata simu akanigeukia. "Umesikia alivyoniita dada yangu? Huyu ana jambo."

Nisimwonee, sababu alikuwa nayo. Kaka huyohuyo aliwahi kumuuzia redio iliyoongea siku mbili ikanyamaza moja kwa moja, na alipomrudishia alimwambia labda imechoka.

Alikwenda jioni ileile baada ya kufunga genge. Baba mkubwa akakataa kumwonyesha. "Njoo kesho mchana, jua likiwa juu. Saa hizi utaona nini?" Jua lilikuwa bado linawachoma watu shingoni. Shangazi akarudi nyumbani akijisemea kwamba usiku huo kuna kitu kitazibwa haraka haraka.

Kesho yake aliikuta boti imelazwa juu ya magogo nyuma ya nyumba, imepakwa rangi ya bluu ambayo haijakauka sawasawa. Rangi yenyewe ilipakwa hovyo. Ilikuwa imemwagika kwenye magogo, kwenye viti, hata kwenye kasia moja lililokuwa limeegemezwa pembeni. Nani anapaka rangi kitu anachouza, tena kwa pupa namna ile, kama hafichi ubovu? Akatoa msumari kwenye mkoba, akakwangua. Chini yake mbao ilikuwa nzima. Hilo likamtia wasiwasi zaidi, kwa kuwa sasa hakujua ubovu wenyewe uko wapi.

Baba mkubwa akamzungusha akimtajia kasoro. Hapa mbao zimeachana, zinataka kuzibwa kwa pamba na mafuta. Hapa misumari imeliwa na kutu. Kila alipotaja kasoro aliiwekea kiganja, akaipapasa taratibu, na Shangazi akaona anaifunika asiione. Tena hakumtazama usoni hata mara moja. Aliongea akielekea begani kwake, na Shangazi, ambaye amewajua matapeli kwa macho yao tangu ujana, akahesabu hilo pia.

"Na mbele?" akauliza.

"Mbele hakuna shida hata kidogo."

Mbele palikuwa na ufa unaoingia kidole. Ulikuwa wazi kabisa, rangi imepita kandokando yake.

"Kaka, mimi ni mjinga? Huu ufa nao ni urembo?"

Baba mkubwa akapandisha hasira. "Ufa gani? Wewe tangu utoto hukosi ubaya wa kutafuta!"

"Na wewe tangu utoto ni mwongo!"

Wakavunjiana heshima pale mpaka majirani wakatoka nje. Shangazi akaondoka. Alikuwa na uchungu kuliko hasira, maana boti aliihitaji, na huyo ndiye kaka pekee aliyebaki naye.

Siku iliyofuata alimchukua fundi seremala wa mtaani kwetu. Nia yake ilikuwa ufa ule uonekane na shahidi, ili kaka ashushe bei au aaibike. Alikuwa amenuna kiasi kwamba aliapa hatasalimia wala kutamka neno, fundi ndiye atakayesema yote. Wakaingia uani. Fundi akatoa salamu, akasema ameletwa kuikagua boti. Shangazi akasimama mbele ya kaka yake, mikono kiunoni, karibu kabisa, akamkazia macho.

"Karibu, fundi," Baba mkubwa akaitikia. "Yule dada yangu umemwacha wapi?"

Shangazi alidhani ni dharau. Akajiandaa kulipuka, kiapo au hakuna kiapo. Lakini kaka hakuwa na uso wa mtu anayetania. Shangazi akanyanyua mkono polepole, akaupitisha mbele ya macho ya kaka yake. Kaka hakupepesa.

"Afadhali hajafika," Baba mkubwa akaendelea, akishusha sauti. "Niambie kweli, fundi. Jana amesema mbele pana ufa. Upo?"

Fundi alimtazama Shangazi. Shangazi hakumsaidia.

"Upo, mzee."

"Mkubwa?"

"Kidole kinaingia."

Baba mkubwa akaipapasa mbao ya mbele mpaka kidole kikazama. Akakiacha humo kwa muda. "Basi nisikilize. Akija, mwambie nilikuwa nataka kumtapeli. Huyo ni mwepesi kuamini hivyo. Akijua habari za haya macho ataniweka ndani kama kuku anayeatamia, na watoto wake watanishika mkono kunipeleka chooni. Acha aniite tapeli."

Shangazi aliniambia kwamba hakuna maneno yaliyowahi kumchoma kama hayo, *mwepesi kuamini hivyo*. Akaweka kidole mdomoni kumwashiria fundi anyamaze. Akarudi kinyumenyume, akiinua miguu, mpaka akatoka uani. Huko nje alisimama ameshika ukuta hadi pumzi ikakaa sawa. Halafu akaja tena akiburuza ndala kwa kelele, akigonga geti.

"Hodi! Fundi, umeshafika? Umeona alichotaka kunifanyia huyu kaka yangu?"

Baba mkubwa akanyoosha mgongo, akageukia sauti. "Haya, amekuja askari wetu."

"Nimekuja ndiyo! Boti yenyewe ni kuni tupu. Mbele imepasuka, nyuma imeoza, rangi umepaka kama unafukuza mbu."

"Nyuma haijaoza!"

"Imeoza. Nitaichukua kwa nusu ya ulichotaja, na hiyo nusu ni kwa ajili ya marehemu mama yetu."

"Nusu? Unataka nife njaa?"

"Tena wewe mwenyewe utakaa ndani kila safari, trei zangu zikiwa mapajani. Wapiga makasia siwaamini, wataniibia. Likipungua yai moja, nakudai wewe."

Fundi aliinama akajifanya anapima magogo. Machozi yalikuwa yanamtiririka Shangazi hadi kidevuni, na wala hakuyafuta, maana mtu pekee ambaye hakutaka ayaone hakuweza kuyaona.

Baba mkubwa alikuwa anacheka. Kisha akatega sikio.

"Mbona sauti yako imekwama hivyo? Una mafua?"

"Nina hasira," Shangazi akasema. "Punguza bei."