King'ora cha Siku ya Fainali

Mtu akikwambia mpira ni dakika tisini basi, mwambie akamwulize Mama King'ora. Huyo ni dereva wa ambulensi, mjane, miaka chungu nzima kwenye usukani, na hakuna siku anayoichukia kama ya fainali. Mechi ikichezwa, barabara nyeupe, hata paka hapiti. Kipenga cha mwisho kikilia, loo! Mji mzima unamwagika nje: watatu juu ya pikipiki moja, wengine wamekalia madirisha ya magari, kila mtu anaendesha kama vile barabara ni ya baba yake.

Siku hiyo timu ilishinda. Zamu ilikuwa yake kwa sababu wenzake wote waliomba ruhusa, na yeye nyumbani hana wa kumsubiri. Hata kuulizwa hakuulizwa. Simu ikaingia: kijana kagongwa akiwa kwenye pikipiki karibu na soko, anavuja damu, na kaka yake ndiye anayepiga simu. Mama King'ora akawasha king'ora, akakanyaga mafuta.

Lakini wee, king'ora siku ya ushindi! Watu walidhani naye anasherehekea. Wakapiga makofi, wakapuliza mavuvuzela, wawili wakapanda juu ya boneti na bendera. "Ongeza, mama, ongeza!" Alipokizima, wakamzomea. Muuguzi aliyekuwa naye garini akaona hapa hakuna njia, akashuka na begi, akatimua mbio.

Mama King'ora naye akashuka, akawashika watu mashati. "Jamani, kuna mtoto wa mtu anakufa kule!" Kelele zikayameza maneno yake. Machozi yakamtoka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana jibaba moja lilimkumbatia kwa nguvu, nalo linalia: "Lia tu, mama! Tumeteseka sana!" Tangu mumewe afe, hakuna aliyemkumbatia hivyo. Alisimama pale kifuani kwa mtu asiyemjua, akajiona mpweke kuliko siku zote.

Alipopata njia na kufika na gari, muuguzi alikuwa ameketi kando ya lami, mikono imelegea. Kijana ameshafunikwa bendera. Kaka yake, uso umepakwa rangi za timu, akamjia juu.

"Mbona umechelewa? Ulikuwa unaangalia mpira?"

Mama King'ora hata aliyefunga goli hakumjua.

"Pole, mwanangu," alisema, akaenda kufungua mlango wa nyuma.