Bustani ya Mtemi

Mama mkwe wangu alizaliwa ikulu. Sisemi ile ya Dar es Salaam. Kwetu Wasukuma ikulu ni nyumba ya mtemi, na ya baba yake ilikuwa ufukweni mwa ziwa, si mbali na Lamadi. Watemi walipoondolewa, serikali iliichukua, ikawa ofisi, kisha ghala la pamba. Enzi za ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa, ikanunuliwa na tajiri wa sangara. Sisi tuliokuwa Bariadi hatukuwa na habari.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Mama mkwe, aliyeniita mayu, yaani mama, akaniambia, "Twende ukaone nilikozaliwa." Tukadandia gari la wachuuzi wa samaki.

Getini hapakuwa na mtu. Tukaingia. Nyumba ilikuwa ya mawe, ina baraza pana linalotazama maji, na mbele yake bustani ya mindimu, mipera na maua yaliyopandwa na wake wa mtemi. Mama mkwe akachuma jani la mndimu, akalifikicha, akaninusisha.

"Mama yangu alitucharaza hapa kwa kula ndimu changa," akasema, akicheka.

Ndipo tukasikia mapanga. Upande wa pili vibarua walikuwa wanafyeka miti na kuchimba msingi wa chumba cha barafu. Mtaro ulikuwa umefika kwenye kaburi la mtemi, baba yake. Mawe yake yalikwisha kung'olewa, yamerundikwa kando.

Mama mkwe alishuka mtaroni, akakaa.

Mlinzi akaja mbio na rungu. "Bibi, toka! Hapa pana mwenyewe."

"Mwenyewe umemkanyaga."

Mlinzi akamvuta mkono. Alipokataa, akampiga rungu la kiwiko, nikasikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena, mdomoni. Niliokota jiwe la kaburi, nikamtwanga nalo sikioni. Akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini, na ningeendelea, ila mlinzi wa pili alinishika nywele, akanibamiza kwenye shina la mpera hadi macho yakajaa damu.

Kibarua mmoja, mtu mzima wa tangu enzi za mtemi, akauliza, "Huyu mama ni nani?"

"Binti wa mtemi," nikasema.

Alimgeukia yule aliyenishika, akamkata panga la bega. Wenzake wakafuata kwa majembe. Walinzi wale wawili walipigwa mpaka wakaacha kulia. Nilitaka wakome, ila sikuwazuia. Wa kwanza alipona, akawa kiziwi. Wa pili alifia njiani akipelekwa hospitali. Baadaye niliambiwa alikuwa ameacha mjane na watoto huko Mwamanyili.

Polisi walituzoa wote. Mama mkwe alilala mahabusu mkono umening'inia, hana meno ya mbele. Mume wangu aliuza ng'ombe ili tutoke. Yule kibarua mtu mzima alifungwa, akafia gerezani. Kila mavuno mama mkwe alimpelekea mkewe gunia la mpunga.

Chumba cha barafu kilijengwa, lakini tajiri alikisogeza, akazungushia kaburi ukuta mfupi. Mindimu haikubaki hata mmoja.

Niliwahi kumuuliza mama mkwe kama anajuta kushuka mtaroni.

"Nilitaka kukaa na baba tu, mayu," akanijibu. "Sikujua watu wangekufa."