Sanamu ya Rais na Kigango cha Kigiriama

Juzi nilikuwa katika duka moja la nguo hapa Malindi, Mhindi mwenye duka akimpimia mama mmoja wa Kigiriama merikani, ile nguo itokayo Marekani.

"Mama, huko itokako nguo hii walikuwa na rais. Akiwa hai walimtukana. Leo wanamchongea sanamu!"

Mama hakushangaa hata kidogo.

"Kwetu mzee akifa tunamzika tu. Kigango, ule mti wa kumchongea, hungoja miaka, mpaka mzee mwenyewe amjie mtu wake ndotoni akikidai."

"Mbona hamkichongi siku ya maziko?"

"Siku hiyo kila mtu analia, bwana. Nani atasema kweli?"

Akajitwika nguo yake, akatoka shingo juu. Nami, niliyeambiwa tangu utotoni kwamba maarifa hushuka melini kutoka ng'ambo, nikamfuata nami nikitembea shingo juu vivyo hivyo.