Sambaza Bila Chumvi

Mushagalusa alimpa mume wangu unga ulioharibu moyo wake, kisha akanyamaza watu waliposema mimi ndiye niliyemlisha karuho, ile sumu inayoogopwa kwetu.

Mume wangu, Mirindi, aliendesha kamio, lori la Mushagalusa, akipakia kahawa na viazi kutoka Butembo. Alikuwa mtu wa kucheka. Akirudi alipiga honi tangu mwanzo wa mtaa wetu, Majengo, ili niweke maji ya kuoga motoni. Patron, bosi wake huyo, hakutaka alale njiani, akampa unga mweupe aliouleta kutoka safari zake za Ulaya.

"Vuta kidogo puani, citoyen. Inafukuza usingizi."

Mirindi akazoea. Baadaye miguu ikavimba. Hakuweza tena kulala chali. Nilimwegemeza kifuani kwangu ndipo akapata pumzi. Hospitalini daktari aliwatoa wote isipokuwa mimi, akamwuliza mpaka akakiri.

"Hiyo ni kokaini," daktari alisema. "Moyo wako umetanuka, umechoka. Nitakupa vidonge vya kuutia nguvu, na vingine vya kutoa maji mwilini. Chumvi uache. Na unga uache kabisa, la sivyo dawa zangu hazitakuokoa."

Mirindi alinishika mkono. "Mama Léonie, usimwambie mama."

Nikaapa. Sikumwambia.

Nikampikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bila chumvi. Kwetu anayempa mtu chakula huonja kwanza, ionekane hakina sumu. Nilionja kila sahani. Siku moja mama mkwe wangu, Namegabe, naye akaonja, akatema.

"Hiki si chakula cha mutu. Ndiyo maana mutoto wangu anavimba."

Akawaita shemeji zangu wambebe kwa mganga wa kutapisha sumu. Mushagalusa alikuja kumjulia hali, akakalia kiti chetu kizuri. Alitikisa kichwa tu. "Wanawake wa leo, Mama."

Nilijua kwamba Mirindi akitapishwa, na vidonge vikiachwa, hatarudi hai. Nilikuwa nimeapa kutosema. Mirindi akajiinua mwenyewe juu ya mito.

"Mama, hakuna karuho. Nilivuta unga. Patron huyu alinipa."

"Mgonjwa anaota," Mushagalusa akasema, akachukua kofia yake, akaenda.

Namegabe akanitazama. "Umemufundisha vizuri kusema."

Mirindi hakubishana. Aliomba sahani, akala sambaza zote mbele yao, polepole, akilamba vidole.

"Tamu kushinda za arusi yetu," akasema. "Siku ile uliweka chumvi ya mwezi muzima."

Nilicheka huku nalia. Shemeji zangu wakaondoka bila kumgusa.

Unga ameuacha. Kulikuwa na siku alizotetemeka na kunitukana akiutaka, nami nikakaa mlangoni. Sasa anatembea hadi soko la samaki la Kituku, akipumzika njiani, ananiletea sambaza mwenyewe.

Namegabe bado hali chakula kwangu. Hata maji ya kunywa huomba kwa jirani. Mushagalusa ana deni kwangu, na si la pesa: arudi, akalie kiti kile kile, amwambie mama huyu unga ulitoka mkononi mwa nani.