Mstari wa Nne wa Wasifu

Mwalimu wetu alizikwa Isikizya mwaka huu, mvua zikiwa zimechelewa. Mwanawe wa kwanza alinipa karatasi ya wasifu wa marehemu.

"Dada, soma wewe. Mimi sauti itakatika. Soma kama ilivyoandikwa tu."

Nikaipitia pembeni. Mstari wa nne ulisema mama yake alipendwa na watu wote katika kila shule aliyofundisha. Nilijua si kweli. Nilikuwepo.

Mimi niliishia darasa la saba, shule ya kijiji karibu na Usoke. Miaka ile naiona kama usingizi wa mchana: vumbi linaelea kwenye mwanga, harufu ya tumbaku inaingia madirishani kutoka kwenye mabani ya kukaushia. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni kwamba Kigoma iko mashariki yetu. Tukanakili darasa zima, kwa mwandiko mzuri. Akatutoa nje. Treni ilikuwa inapita polepole, ikifuata njia ya zamani ya misafara, kuelekea linakozama jua.

"Ile inakwenda wapi?"

"Kigoma, mwalimu."

"Na madaftari yenu yanasemaje?"

Mmoja wetu akalalamika, "Lakini umeandika wewe, mwalimu!"

"Nimeandika mimi. Macho ni ya nani?"

Baada ya hapo nikawa naona vitu. Nyumbani tulikuwa tukifunga tumbaku na baba, majani mabovu katikati, mazuri juu. Nikamwuliza kwa nini tunayaficha. Akakaza kamba. Kesho yake nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamkuta baba ameketi.

"Mwalimu wako anawafundisha kubishana na wakubwa?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Jibu lilikuwa hapana. Alitufundisha kutazama. Mimi nikatazama viatu vya baba, nikasema ndiyo. Muhula uliofuata mwalimu alihamishiwa Goweko. Hatukuagana.

Pale msibani nilisoma mistari mitatu. Wa nne ulipofika, sauti yangu niliisikia kama inatoka mbali.

"Huu siwezi kuusoma. Hakupendwa na wote. Baba yangu alimshtaki, na mimi nilimsingizia."

Turubai zima likanigeukia. Mwanawe akainuka, akaja. Nilidhani anakuja kuninyang'anya karatasi.

"Sema, mwanangu!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye mikeka. "Hata mimi nilimtukana! Binti yangu alirudi kutoka kwake akaniuliza kwa nini yeye ndiye anakosa shule, si kaka zake. Nikamfuata mwalimu na mwiko mkononi!"

Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Mwana wa marehemu alikuwa amefika. Hakuichukua karatasi. Aliweka kidole kwenye mstari wa tano, akakiacha hapo.

"Endelea, dada," akasema.

Nikaanza kusoma pale kidole chake kilipokuwa.