Pua ya Mama na Wiski ya Moshi

Mwaka jana mafua makali yalimpitia mama yangu yakaondoka na pua yake. Hakusikia tena harufu ya mvua wala ya mboga inayoungua. Kwa mama huo ulikuwa msiba, maana pale kwetu Hirbadaw yeye ndiye fundi wa kufukiza vibuyu vya maziwa. Unasugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha moto, unanusa, unasugua tena, na pua ndiyo inayokwambia basi. Aliharibu viwili, maziwa yakawa machungu, akaacha. Wanawake walipomletea vyao alisema amezeeka. Uongo mtupu. Niliumia, na mimi nikiumia nagombana na kila mtu.

Kazi yangu ni kuendesha watalii. Mgeni mmoja aliniachia nusu chupa ya wiski, changa, ya miaka mitano, kali karibu asilimia sitini. Alinieleza kwamba shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa bwawani, unaowaka kama kuni. Nikaonja, machozi yakanitoka. Ulimi ulipopoa, nikakuta mdomoni moshi wa kibuyu cha mama. Niliomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo, nikaenda nyumbani na chupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta nini, dawa?"

"Pombe ya Wazungu. Onja kidogo tu."

Mama si mlevi, ila pombe ya asali anaijua. Nilimzimulia kwa maji kikombeni. Akanusa kwa mazoea tu, uso haukubadilika, nami nikavunjika moyo. Akanywa, akakohoa, akanitukana. Akainusa tena, taratibu, macho ameyafumba.

"Aliyefukiza hii ni nani?"

"Wazungu, mama."

"Hana adabu. Ametia moshi mwingi, kisha hakusubiri utulie. Ana haraka huyo. Na si moshi wa mti. Amechoma udongo?"

Habari za udongo sikuwa nimemwambia. Nilicheka kama mwehu, akaniuliza nimekunywa kiasi gani njiani.

"Mama, umenusa."

Akashika pua yake. Kisha akainuka haraka, akaenda jikoni, nikamsikia akifunua hiki na kile: kitunguu, mafuta ya taa, dagaa wa juzi. Alirudi macho yamelowa.

"Nasikia moshi tu," akasema. "Mengine bado."

"Pole, mama. Yatarudi."

"Pole ya nini? Moshi ndio kazi yangu."

Akaniambia nikawashe moto.